Gari Lisilobeba Chai

Niseme mapema ili tusisumbuane: gari lile silijutii, na anayetaka nijute atangoja sana.

Nililinunua mwanzoni mwa miaka ya tisini kutoka kwa Mmarekani aliyekuwa akifundisha useremala karibu na Kaplong, wiki aliyofunga virago kurudi kwao. Lilikuwa la miaka ya sabini, milango miwili tu, pua ndefu, rangi ya kijani iliyofifia, injini ya silinda nane, na usukani upande wa kushoto. Mwenyewe hakunificha kitu. Alisema hata kwao gari hilo lilisahaulika. Wenzake wa miaka ile walibandikwa kwenye kalenda, lenyewe likaachwa lioze nyuma ya nyumba za watu. Nikamwambia basi hilo ndilo langu. Mimi ni binti wa sita kati ya saba, najua kupitwa na macho ya watu.

Nilikuwa nesi, mshahara ni wangu, sikumwomba mtu ruhusa. Lakini gari likiwa langu, boma nilimoliegesha huko Boito lilikuwa la ukoo wa mume wangu. Yeye alifundisha Chepseon, akija nyumbani mwisho wa mwezi, na mambo ya boma alimwachia kaka yake mkubwa. Huyo shemeji alikuwa na pikapu ya Kijapani, na dharau ya kutosha kujaza nyingine.

"Shemeji, hii gari ni ya kubeba nini?" aliniuliza. "Hata mbuzi haiwezi ingia."

Fundi naye akataka aitoe injini, aweke ya dizeli iliyotoka kwenye pikapu. Nikamwambia atoe kwanza moyo wake aweke wa kuku, tuone kama atatembea.

Aliyeniuma kweli ni mama mkwe, ambaye wanangu walimwita kogo, yaani nyanya. Alilizunguka gari mara moja, akasema, "Gari haibebi chai ni ya nini?" Kwetu, kwa wakulima wa chai, hiyo ni hukumu. Shemeji akaidaka: mvua za masika zikiisha kabla gari halijaifaa nyumba, ataleta mnunuzi wa vyuma vikuukuu alivute.

Siku yangu ikafika. Pikapu ilikuwa imepeleka maziwa Kaplong, mawingu yameshuka, na kogo alikuwa na magunia matatu ya majani aliyochuma tangu alfajiri. Nikasema leo gari la Mmarekani litabeba chai. Tukayashindilia kwenye buti mpaka likafunga kwa shida, tukaenda kituo cha kupokelea majani ya chai.

Karani alitia mkono kwenye gunia, akanusa vidole, akaninusisha na mimi.

"Mama, hii majani inanuka petroli. Siwezi pokea."

Gari lile lilikunywa mafuta kama ng'ombe aliyetoka kulamba chumvi, kwa hiyo nilizoea kuweka jerikeni kwenye buti. Asubuhi ile nilikuwa nimelitoa, nikadhani harufu nayo imetoka. Majani ya chai huvuta kila harufu, kila mtoto wa Boito anajua, na mimi nilijua. Magunia yote matatu yalimwagwa nyuma ya kituo huku wanaume kwenye foleni wakicheka. Nilitamani ardhi inimeze. Kogo alisimama akitazama kazi yake ya siku nzima ikirundikana pale chini.

"Mama, nisamehe," nikasema.

"Nipeleke nyumbani."

Nikamkalisha kulia. Kwenye lami, mlimani, tukaikuta pikapu ya shemeji ikijikokota na moshi wake. Nilikuwa na hasira na karani, na wale wanaume, na mimi mwenyewe kuliko wote. Nikakanyaga. Gari lililokuwa likijivuta kwenye barabara ya murram kama ng'ombe mwenye mimba likanguruma, na pikapu ikabaki huko nyuma. Kogo alishika dashibodi kwa mikono miwili. Kisha akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tumzike baba mkwe.

"Tena," akasema. "Rudi, tupite yeye tena."

Sikurudi, ila nilizunguka kwa kupitia sokoni. Waliotuona kwa mbele waliona bibi mwenye kitambaa kichwani ameketi kulia, mahali pa dereva kama wanavyojua. Kufika Jumapili, kanisa zima lilikuwa na habari kwamba kogo anaendesha gari. Akina mama walimpa mkono. Nilingoja akanushe. Alinyoosha kitambaa chake, akasema barabara ilikuwa nzuri.

Shemeji sasa alikuwa na sababu mbili za kulichukia, chai iliyomwagwa na kupitwa mlimani, wala hakungoja masika yaishe. Jumamosi iliyofuata mnunuzi wa vyuma akaingia na lori, mnyororo na vijana wawili. Nilisimama mbele ya gari, maneno yote nimeyapanga mdomoni. Sikupata kuyasema. Kogo alitoka nyumbani na mkoba wake wa kanisani, akafungua mlango wa kushoto, akaketi nyuma ya usukani, akafunga mlango.

"Mama, toka," shemeji akasema. "Hawa watu wametoka mbali."

Kogo alimjibu kwa Kiswahili, ili mnunuzi naye asikie.

"Ile chai ilimwagwa ilikuwa ya nani?"

"Yako, mama."

"Na mimi nimelia?"

Shemeji akageuka kulitazama lori.

"Sasa unauza gari aje na dereva ako ndani? Uliza hata kanisani."

Mnunuzi alichungulia dirishani. Miguu ya kogo ilikuwa inaning'inia, mbali na breki. Akanitazama mimi, ili nicheke tumalize. Sikumpa hicho kicheko. Nilizunguka mbele ya ile pua ndefu, nikafungua mlango wa kulia, nikaketi mahali pa abiria.

"Twende, mama," nikasema.

Kogo akashika usukani kwa mikono miwili, macho mbele. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Tulikaa hivyo, hatusogei hata hatua moja, mpaka lori lao likageuka likaondoka bila sisi.