Kopo Chini ya Kitanda

Kiema, dereva wa lori wa Kaloleni, alikuwa mwepesi wa ngumi. Mwaka wa 1997, Kiema akiwa safarini, mkewe Nzisa alikubali mtafiti wa chuo aweke kopo la makaa chini ya kitanda, lipime radoni, gesi ya sumu inayotoka ardhini.

Kiema aliporudi akaliona. "Umeniwekea kamuti! Dawa ya kunikalia chapati, unitawale!"

Alimchapa kwa mkanda, kisha kwa kigoda, mpaka mkono ukavunjika. Kopo hakuligusa; uchawi aliuogopa, mbwa yule. Majirani waliongeza sauti ya redio.

Mtafiti alichukua kopo, baadaye akaleta majibu. "Nyumba yenu ni salama kabisa, mama."

Nzisa, mkono kwenye plasta, alimtazama Kiema aliyekalia kigoda kilekile.

"Pima tena," akasema.