Karama ya Kusonga Ugali

"Wanaume, nani kati yenu atasonga ugali?" Mwenyekiti wa akina mama aliuliza hivyo kwenye matanga kule Kamukuywa. Mama anayepikia kanisa letu kila msiba sasa alikuwa amefiwa na mumewe, na wenzake walitaka kukaa naye.

Mwanamume mmoja alikohoa. "Mama, karama yangu ni maombi."

"Mimi ni wa kuhubiri, bana," akasema mwingine, mkono kifuani.

Nilichemka! Kwani akina mama walipewa karama ya moshi?

Ndipo mzee wa kanisa, ambaye hakuwa amewahi kushika mwiko maishani, akavua koti. "Karama sina," alisema, "lakini mikono ninayo."

Jamani, alisonga! Jasho likamtiririka, unga ukaruka hadi kwenye nyusi, ugali ukatoka na madonge.

Mjane alimega tonge, akatafuna, kisha akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Ndugu, huu ni mbichi. Lakini niongezee. Si leo ni mimi nimepikiwa!"

Wahubiri nao wakapanga foleni na sahani, bila haya.

Ndugu msomaji mwenye karama kubwa kubwa, nakuomba: matanga yajayo, shika mwiko.