Miti Tuliyoikata Ikiwa Mibichi

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu hakunionyesha chai. Alinipeleka nyuma ya kiwanda, kwenye yadi ya kuni, akanipa glavu zilizotoboka vidole na kuniambia, "Shivachi, wenzako huko mbele wanatengeneza chai. Sisi huku tunatengeneza mvuke. Mvuke ukikosekana, hawa wote wataenda nyumbani."

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kiwanda chetu kilikuwa mlimani upande wa Shinyalu, na wakulima walileta majani mabichi wakiwa wameyabeba vichwani au kwa baiskeli. Majani yalitandazwa kwenye vitanda virefu vya wavu, yakapulizwa hewa ya moto hadi yalegee. Huko ndiko kunyausha. Yakasagwa, yakaachwa yageuke rangi, kisha yakakaushwa. Joto lote hilo lilitoka kwenye boila, yaani pipa kubwa la chuma lililojaa maji, na tanuri chini yake. Jani likishachumwa halingoji mtu. Usipolipa joto kwa wakati, linaoza.

Nilianza kwa kupanga kuni, nikahamishiwa kwenye tanuri, baadaye nikawa msaidizi wa Fundi Mkuu. Meneja niliyemkuta alikuwa mtu wa sauti. Alisimama mlangoni mwa chumba cha boila, akatazama mshale wa presha, akapaza sauti, "Mvuke uko wapi?" Ukimwambia kuni ni mbichi, zinatoa moshi kuliko moto, alikujibu, "Kuni ni kuni. Ongeza!" Basi tukaongeza. Malori yaliyotuletea kuni yalianza kuchelewa, kwa sababu kila mwaka yalizifuata mbali zaidi. Hilo tuliliona sote, na hakuna aliyelizungumza.

Halafu ukaja msimu wa mvua kubwa. Barabara za murram zikawa tope, malori yakakwama, yadi ikabaki na magome tu. Presha ilishuka hadi feni zikapuliza baridi. Majani yaligeuka kahawia vitandani, tukayatoa kwa koleo na kuyamwaga nyuma, huku wakulima waliokuwa wameleta mengine wakitutazama. Mmoja wao, mzee wa heshima, aliokota konzi moja, akainusa, akairudisha chini. Meneja alitufokea sisi wa boila, lakini kabla ya mwaka kwisha, wakurugenzi walimhamisha.

Aliyekuja baada yake alikuwa mwanamke, na sisi tulimwita Madam. Asubuhi ya kwanza alipita ofisi yake akaja yadini moja kwa moja. Aliokota vipande viwili vya kuni, akavigonganisha. Vikatoa sauti ya kitu kilicholowa.

"Hizi zimekauka kwa muda gani?" akamwuliza Fundi Mkuu.

"Madam, hapa zikifika tunachomanga tu."

"Basi tunachemsha maji yaliyo ndani ya kuni kwanza, ndipo tuchemshe ya boila."

Akaagiza banda lijengwe, kuni zipasuliwe na kukaa ndani kwa miezi kabla ya kuchomwa. Akaagiza pia mabomba yote yaliyovuja mvuke yazibwe na kuvikwa kinga ya kutunza joto. Tulinung'unika, maana kupasua kuni ni kazi ya mgongo. Lakini kuni zilipokauka, moto uliwaka kwa sauti nyingine kabisa, na tukaanza kutumia kidogo kuliko zamani.

Siku moja alituketisha juu ya magogo, mafundi, madereva na wapasua kuni, akauliza, "Watoto wenu wakija kufanya kazi hapa, kuni zitatoka wapi?"

Fundi Mkuu akacheka kidogo. "Madam, wewe ndiye meneja."

"Mimi pia sijui," alisema. "Ndiyo maana nauliza."

Sikuwa nimewahi kumsikia bosi akisema hajui. Kutoka siku ile tulianza kuzungumza naye.

Mpango uliotokana na mazungumzo hayo ulikuwa kupanda miti yetu wenyewe. Kiwanda kilikuwa na ardhi ya unyevu bondeni, haifai chai, tukaijaza mikaratusi, ile ambayo huku tunaiita bulugamu. Inakua upesi kama magugu. Madam alipanda mche wa kwanza, chifu akiwapo, nami nikakabidhiwa shamba lote. Nilipalilia, nikafukuza ng'ombe, nikagombana na wenye mbuzi. Miti ilinipita kimo kabla sijaizoea. Jumapili baada ya kanisa nilimpeleka mke wangu akaione.

Lakini chini ya bonde hilo kulikuwa na chemchemi. Kiangazi kimoja akina mama walikuja langoni na ndoo tupu. Mlinzi aliwazuia, wakakataa kuondoka. Madam akatoka mwenyewe. Aliyeongea alikuwa bibi aliyeitwa Kukhu Khavai.

"Mulembe, binti yangu," alisalimia kwa Kiluhya.

"Mulembe, Mama."

"Mimi nachotanga maji pale tangu niolewe. Haijawahi kauka, hata mwaka wa njaa. Sasa hii miti yenu inakunywa kuliko sisi."

Nilitaka kujibu kwamba ni kiangazi tu. Madam aliinua mkono kunizuia. Alivua viatu vya ofisini, akavaa gambuti za mlinzi, akateremka nao hadi bondeni. Kukhu Khavai aliweka ndoo yake chini ya mrija wa chemchemi. Maji yalidondoka kama jasho. Tulisimama pale hadi kivuli kikatuhama, na ndoo haikujaa.

Kesho yake aliniita. "Shivachi, miti ya bondeni tutaikata."

Nilihisi kama nimepigwa kofi. "Madam, bado kidogo tu ikomae! Tungoje kidogo."

"Tungoje, sawa. Na hao akina mama wangojee wapi?"

"Lakini kuni?"

"Kiwanda kinachokausha maji ya watu wanaokiletea majani hakina miaka mingi, hata kikiwa na kuni."

Mwenyekiti wa wakurugenzi alifika kwa hasira. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, tulimsikia akisema Madam amewekwa pale aendeshe kiwanda, si aombe radhi kwa wachota maji. Lakini Madam hakunyamazishwa. Aliitisha mkutano bondeni, wafanyakazi upande huu na akina mama upande ule, akasema mbele yetu wote, "Kupanda miti ilikuwa sawa. Kuipanda hapa nilikosea, tena sikuwauliza ninyi mnaokunywa hapa. Leo nawauliza. Tupande wapi?"

Kukhu Khavai alicheka hadi akashika kiuno. "Kwani sisi hatuna mashamba?"

Hapo ndipo kazi ya kweli ilipoanza. Kiwanda kilikuza miche ya mgrevilia, mti usiogombana sana na mazao, kikawapa wakulima waipande mipakani na kwenye vilima vikavu. Ikikomaa, wao watauza kuni kiwandani kama wanavyouza majani. Mimi nilizunguka boma kwa boma nikifundisha kupogoa. Nilikula obusuma, ugali wetu, kwa watu ambao zamani nilikuwa nikifukuza mbuzi wao. Bulugamu tuliikata ikiwa mibichi, na sitaficha kwamba siku hiyo nililia nikijifanya ni vumbi la msumeno. Banda la kuni kavu lilitubeba katika miaka ya kungojea. Chemchemi haikurudi mara moja. Ilichukua misimu kadhaa ya mvua.

Madam hakuyaona hayo. Alihamishwa kabla migrevilia haijafika kimo cha paa. Siku ya kuondoka alizunguka yadi yote akatupa mkono mmoja mmoja, na kwangu alisema, "Usiwaache wakulima wakate mapema." Kisha gari likaondoka. Mameneja waliomfuata walikuwa wa kila aina, mpole, mkali na mmoja mvivu. Kiwanda hakikusimama chini ya yeyote kati yao. Kuni zilikuja kutoka vilimani, mvua inyeshe isinyeshe, maana hazikutoka mbali.

Nimestaafu sasa, na vijana wa biashara huniuliza uongozi wenye akili ni upi. Wengi wanatarajia nizungumzie mashine. Mimi nawaambia habari za mtu aliyeweza kusema "sijui" akiwa na cheo, na "nimekosea" akiwa na mengi ya kupoteza.

Juzi nilipita kiwandani kusalimia. Kijana wa boila alinipisha kwa heshima, tukatazama moto pamoja. Nikamwuliza kama amewahi kusikia juu ya Madam. Hajawahi. Nikamwuliza kama kuni zimewahi kuwaishia. Akanitazama kama niliyeuliza jambo la ajabu.

"Mzee," alisema, "kuni zinaishanga namna gani?"

Zamani jibu kama hilo lingeniuma kwa ajili ya Madam aliyesahaulika. Siku hiyo nilicheka, nikaaga, nikaenda nyumbani.