Darasa la Nyuso mtaani Panda

Mwaka ule serikali ilipowavua watu majina yao ya ubatizo na kuwataka wachukue ya mababu, Hortense alikuwa Kisimba kazini na Hortense nyumbani, akajizoeza kuitika kotekote bila kukosea. Hakuwa mtu wa kushtushwa na mambo. Alizaliwa Kapolowe, masista wa misheni wakamfundisha kushona, akaolewa na Symphorien, fundi wa kiwanda cha shaba. Walikaa Panda, mtaa wa Likasi, kwenye nyumba za matofali za wafanyakazi, mahali ambapo moshi ukishuka asubuhi, shuka jeupe hugeuka manjano kabla halijakauka. Pamoja nao aliishi Angèle, mdogo wake Symphorien, msichana wa miaka ishirini aliyekuwa tayari amechumbiwa.

Kila mchana Hortense alifundisha kushona kwenye foyer, jumba refu la mabati ambamo wake za wafanyakazi walijifunza kupika, kufuma na kutunza watoto wachanga. Hapo ndipo alipoletwa Simone.

Simone alikuwa Mbelgiji wa Liège, mjane, mwanamke mrefu mwenye mabega kama ya mwanamume. Kwao alifanya kwa miaka mingi kazi ya kuwapaka rangi waigizaji wa tamthilia. Padri mmoja alimwambia kuna miji huku ambako wanawake hawana ufundi wa kujipatia riziki zaidi ya mume, naye akafungasha masanduku mawili ya poda, wanja na rangi za mdomo, akaja kujitolea. Mshahara hakutaka. Alitaka afundishe urembo, ili wanawake wa Likasi wafungue saluni zao. Hortense akawekwa awe mdomo wake: Simone aseme Kifaransa, yeye ageuze Kiswahili.

Siku ya kwanza poda ile ya Ulaya iliwafanya wanawake kuwa weupe kama majivu. Walipojiona kwenye kioo walicheka hadi wakashika mbavu.

"Mama yangu! Tunafanana bantu ba Kakontwe, bale banavunjaka chokaa!" alipiga kelele Gertrude.

Simone alipotafsiriwa maneno hayo alicheka kuliko wote, akakaa kitako sakafuni, akaanza kuchanganya rangi upya, kidogo kidogo, hadi akapata kahawia ya kila uso. Gertrude alikuwa ameunguzwa shavu na mafuta ya moto tangu utotoni. Siku Simone alipomfunika lile kovu, Gertrude aliomba aachiwe kioo, akaenda nacho hadi dirishani, akakaa huko akijitazama mpaka wenzake walipokwenda nyumbani.

Darasa likajaa, Angèle naye akiwemo. Wanawake waliokuwa wakipita mtaani wameinamisha vichwa sasa walipita wakiwa wameviinua. Wanaume walinung'unika, lakini walitazama. Na kama wanaume wa kawaida walitazama, wenye madaraka pia walitazama.

Wa kwanza alikuwa Adolphe, mkuu wa chama tawala mtaani. Ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuhakikisha kila mtu ametupa jina la kizungu, na nyuma ya mgongo wake watu wote walizidi kumwita Adolphe. Alianza kuja foyer mara moja kwa wiki. Aliketi kiti cha nyuma, kofia magotini, akiwatazama. Baadaye alikuja na mpiga picha.

"Papa, hii picha ni ya nini?" Hortense alimuuliza.

"Ya kuonesha bakubwa kazi muzuri munafanya hapa, mama."

Mpiga picha alimsimamisha kila mwanamke ukutani, mmoja mmoja. Hortense aliona kwamba hakupiga picha ya brashi wala ya poda, wala ya Simone akifundisha. Alipiga nyuso tu. Alipofika kwa Angèle alipiga mara mbili.

Haukupita muda, Adolphe akaleta agizo. Mgeni wa kutoka Kinshasa atakwenda Mwadingusha kutazama bwawa la umeme, na chama kinataka wanawake watatu warembo wa kumpokea na maua. Hortense alimtafsiria Simone, na Simone akapiga makofi kwa furaha. Aliwapaka rangi yeye mwenyewe. Alimpaka Julie, mmoja wa wale watatu, kwa uangalifu zaidi, kwa sababu Julie alikuwa mwenye haya na alihitaji kutiwa moyo.

Walitarajiwa kurudi jioni. Walirudi kesho yake saa sita mchana. Wawili walikuwa na vitenge vipya mikononi, wakaingia nyumbani kwao, wakafunga milango, na darasani hawakuonekana tena. Julie alikuja foyer baada ya siku kadhaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye beseni, akachukua sabuni ya kufulia, akausugua uso ambao haukuwa na rangi yoyote. Alisugua mpaka Hortense akamshika mikono.

"Inatosha, mama. Utajichubua."

Julie hakulia. Alisema polepole, "Mama Hortense, usiache Angèle ajifunze hii."

Mwezi huo huo mume wa Julie alimrudisha kwao.

Hortense alijaribu kumweleza Simone, lakini Simone hakuelewa. Au alielewa, akakataa kuelewa. "Labda walikunywa kidogo," alisema. "Labda mume ana wivu." Usiku huo hata hivyo taa ya chumba chake haikuzimwa, na asubuhi alipokuja kazini macho yake yalikuwa mekundu.

Kisha Adolphe akaja tena. Safari hii hakuketi.

"Jumamosi kunakuya mukubwa kupita ule wa kwanza," alimwambia Hortense mlangoni. Alisema akitazama viatu vyake. "Gari itakuya hapa asubuhi. Anataka bote ba ku picha. Na ule ndugu ya bwana yako, anamutaka kabisa. Alitaja jina yake."

"Alijuaje jina yake?"

"Mama, minye ni muntu wa kutumwa."

Nyumbani, Symphorien alisikiliza habari akiwa ameshika tonge la bukari, na tonge likapoa mkononi. Angèle alikuwa uani akiosha sufuria, akiimba.

"Tukikatala, kazi inaisha," Symphorien alisema. "Nyumba nayo. Batatutupa inje na bintu byetu."

"Na tukikubali?"

Mumewe alirudisha tonge sahanini.

Kesho yake Simone, aliyekuwa sasa ameelewa kila kitu, alivaa gauni lake la kanisani akapanda mjini kwenye ofisi za wakubwa kulalamika. Hortense alimngoja chini ya jakaranda ya barabara kuu, maana yeye hakuruhusiwa kuingia. Mbelgiji yule alitoka amepauka, hatua zake fupi kama za mtu aliyeugua.

"Waliniuliza kama nimekuja kufundisha au kufanya siasa," alisema kwa Kifaransa. "Wamechukua pasipoti yangu. Jumatatu napandishwa ndege." Alimshika Hortense mkono katikati ya barabara. "Mimi ndiye niliyempaka Julie. Kwa mkono huu."

Walitembea hadi foyer. Walipofika, aliyaangalia yale masanduku mawili, akauliza, "Mama Simone, kule kwa waigizaji, uliwahi kumpaka mtu awe mgonjwa?"

Simone aliinama akafungua sanduku moja.

"Nimewapaka hata wafu," akajibu.

Jumamosi walifika foyer kabla king'ora cha kiwanda hakijalia. Wanawake waliambiwa kwa kifupi, na hakuna aliyehitaji kuelezwa mara ya pili. Simone alichanganya ute wa yai na unga akawapaka usoni na shingoni. Ulipokauka, ngozi ilikunjamana na kuvutika. Juu yake akaweka vipele, vingine vikavu, vingine kama vinatoa maji, kwa rangi ile ile ya mdomo waliyoipenda. Akatia wanja chini ya macho hadi yakazama. Hortense alifanya kama alivyoonyeshwa, na kila alipomaliza uso mmoja aliogopa kuutazama. Ndui ilikuwa imewaacha juzi juzi tu. Hakuna mtu wa Katanga aliyesahau sura yake.

Gertrude peke yake alikataa kupakwa. Alijifuta shavu kwa kitambaa, lile kovu likatoka wazi, akavuta kiti chake mbele kabisa. "Minye niko na yangu," alisema.

Gari likaja. Liliunguruma nje, kisha likanyamaza, na hatua za watu wawili zikasikika kwenye changarawe. Aliingia Adolphe, nyuma yake askari kijana mwenye bunduki. Mle ndani madirisha yalikuwa yamefungwa. Wanawake wamelala juu ya mikeka, wamejifunika vitenge. Mmoja alikuwa akikohoa. Simone alisimama kando na ndoo ya maji ya dawa, kitambaa kimemfunika pua.

"Nini hii?" Adolphe aliuliza.

"Bilianza juzi," Hortense alisema. "Kwanza homa, kiisha hii. Hatujui ni nini, Papa. Muzungu anasema hapana kugusa."

Askari alirudi nyuma hadi mlangoni. Adolphe hakurudi. Alipita katikati ya mikeka polepole, akafika kwa Angèle, akachuchumaa. Alimwangalia usoni, akashuka na macho hadi shingoni, akakaa hapo. Hortense aliwaza nyumba, aliwaza Symphorien, aliwaza gereza la Buluo. Adolphe alinyoosha kidole kuelekea kola ya Angèle, akakirudisha kabla hakijafika.

Alisimama, magoti yakalia.

"Ni ugonjwa," alimwambia askari. "Mubaya. Tutoke."

"Gari haiwezi kurudia bure, chef," askari alisema. "Unajua."

Adolphe alimpita mlangoni. Walitoka, mlango ukafungwa, na gari likaondoka. Ndani ya foyer hakuna aliyeshangilia. Walilala vile vile, rangi ikiwapasuka usoni, kama vile wanaogopa wakisimama watapona.

Habari ilifika jioni. Kwanza waliisikia sauti ya mwanamke akilia, mitaa miwili kutoka kwao, halafu jirani akaja kusema. Gari lilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Adolphe. Binti yake Colette alikuwa barazani akichambua sombe, majani ya muhogo. Alikuwa amemaliza shule, alikuwa akijifunza kupiga taipu. Askari alimwambia baba yake amemwagiza aje. Adolphe, aliyeachwa nje ya foyer, alirudi kwa miguu akakuta bakuli la sombe limepinduka.

Hortense aliketi juu ya ndoo jikoni. Symphorien ndiye aliyewasha mkaa usiku ule.

Jumapili alfajiri walimpandisha Angèle lori la mahindi lililokuwa likipita Kapolowe, akakae kwa mama yake Hortense. Huko aliolewa na mchumba wake, akalima, na Likasi hakurudi kuishi tena. Jumatatu polisi walimchukua Simone. Aliachiwa nguo alizovaa na mkoba, masanduku yalibaki. Alimkumbatia Hortense mbele ya polisi. Barua kutoka kwake haikuja, au ilikuja ikaishia mikononi mwa wengine.

Darasa la urembo lilifungwa. Mtu wa ofisini alikuja akachukua masanduku, na baadaye wake za wakubwa walionekana na wanja ule. Foyer ikabaki na kushona na kupika. Hakuna mtu aliyekuja kuuliza habari za ugonjwa.

Colette alirudishwa baada ya wiki. Kwa miezi mingi hakuonekana nje. Adolphe aliacha kupita nyumba kwa nyumba. Chama kikamweka mwingine. Hortense alikutana naye kanisani tu, kwa mbali, na kila mara Hortense mwenyewe ndiye aliyekwepesha macho.

Mwanzoni mwa kiangazi Adolphe alikuja foyer na binti yake. Colette alikuwa amekonda, amefunga kitambaa chini hadi nyusi. Adolphe alisubiri aingie, kisha akamvuta Hortense pembeni, kwenye kivuli cha ukuta.

"Niliona rangi," alisema. "Ku kola ya Angèle. Nyekundu. Niliiona."

Hortense alifungua mdomo.

"Hapana kusema kitu, mama. Minye niliiona na nikanyamaza. Niliwaza: leo nimefanya jambo muzuri, Mungu atanihesabia." Alivaa kofia, akaivua tena. "Mutoto anataka kushona. Umufundishe."

Akaenda zake, mgongo umempinda kama mzee, naye hakuwa mzee.

Hortense alirudi ndani. Alimpa Colette kiti karibu na cherehani yake, akamwonyesha jinsi ya kupitisha uzi. Msichana alikuwa mwepesi. Mara moja tu alishika. Walifanya kazi mpaka wengine wakaanza kukusanya vitambaa vyao. Ndipo Colette, bila kuinua kichwa, akauliza kwa sauti ndogo:

"Mama, bale bagonjwa ba siku ile, balipona?"

"Balipona," Hortense alisema.

Colette aligeuza gurudumu la cherehani kwa mkono, sindano ikashuka, ikapanda.

"Minye pia nilitaka kugonjwa."

Hortense alisimamisha mkono wake juu ya kitambaa. Jua lilikuwa bado juu, lakini hakumwacha arudi nyumbani peke yake. Alifunga foyer mapema, akamsindikiza hadi barazani kwao, na kesho yake akaenda kumchukua kwao, na mwaka mzima akafanya hivyo, kwenda na kurudi. Gari lolote lilipopunguza mwendo nyuma yao, wote wawili walishuka pembeni mwa barabara na kusimama, bila kugeuka, mpaka lipite.