Nilizaa, sikupofuka: kitabu nilichokingoja miaka sita na jina langu lililokatwa kwenye liste

Wakuu wa jukwaa, salamu kutoka Bukavu.

Naanza pale uvumilivu uliponiishia, halafu nitarudi nyuma kidogo. Sina sababu ya kuongeza chumvi, yaliyotokea yanatosha yenyewe. Kiswahili changu ni cha huku kwetu, wa Dar na Mombasa mtanivumilia: hapa liste ni orodha, ine ni nne.

Ilikuwa Ijumaa, saa nane mchana. Nimesimama mbele ya meza ya chumba cha kusoma cha parokia moja hapa Ibanda, mtoto wangu Baraka amelala mgongoni. Mara ya tano nakuja kuulizia kitabu kimoja tu.

Pale pale anatoka Dieumerci, tulisoma naye darasa moja, na kile kitabu kiko kwapani mwake.

Nikamgeukia Ya Clarisse, dada anayetunza vitabu.

"Ya Clarisse, mi nilikuwa wa pili kwa liste. Dieumerci alikuwa wa ine. Ilienda aje?"

Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anamtembelea mgonjwa.

"Mama Baraka, ile ni kitabu ya bajeunes. Weye uko maman sasa. Utaisoma saa ngapi na mutoto?"

Wakuu, nina miaka ishirini na mbili. Na ukutani, nyuma ya kichwa chake, kuna karatasi iliyobandikwa: sehemu ya vijana, miaka kumi na miwili hadi ishirini na mitano. Nikamwonyesha kwa kidole.

"Minajua," akasema, kidevu kikielekea ofisi ya padri. "Lakini Père alipitia liste, akaona bamaman babili kwa liste ya vijana. Akakata."

"Na Dieumerci? Si iko na binti wa miaka mbili?"

"Ule ni kijana."

Dieumerci akaanza kukagua viatu vyake kama vimeandikwa kitu.

Hapo ndipo kamba ilipokatika. Nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka: "Nilizala mutoto, sikupofuka macho!"

Wanafunzi waliokuwa nyuma wakafunga dictionnaire. Baraka akaamka, akaanza kulia. Mzee mmoja anayekuja kusoma magazeti akasema, "Eh, maman, hapa banasomaka."

Nikamjibu, "Njo ile minaomba, papa. Kusoma."

Sasa nirudi nyuma, maana wengine mtauliza kitabu gani hicho cha kumgombanisha mtu na parokia.

Ni série moja ya vijana, nilianza kuisoma nikiwa na miaka kumi na minne. Jina lake siweki hapa, wanaoijua watanielewa.

Kuna mji umezungukwa na ukuta wa chumvi. Ukifika miaka kumi na mitano unapandishwa kwenye mizani katikati ya uwanja, mbele ya watu wote. Uzito wako ndio unaamua utaishi upande gani wa ukuta. Mwepesi anatupwa nje. Basi msichana mmoja maskini, Maïlis, anashona mawe ndani ya pindo la gauni lake ili mizani imkubali. Vitabu vitatu vyote vinatoka kwenye yale mawe.

Wakuu, tulichanganyikiwa. Shuleni, mimi na wenzangu wanne tulishona vijiwe kwenye pindo la sketi ya uniforme. Ukitembea unasikia ki-ki-ki. Masœur, mtawa wa nidhamu, akanisimamisha kwenye korido: "Nabintu, sketi yako inalia sawa mbuzi ya Nyangezi." Nilifagia darasa wiki nzima. Sikujuta hata siku moja.

Aliyenipa kile kitabu cha kwanza ni huyu huyu Ya Clarisse. Alinishika mkono akanipeleka kwenye rafu. "Soma hii, halafu utanieleza." Kwa hiyo muelewe kwa nini maneno yake yaliniuma kuliko ya mtu mwingine.

Kitu kingine mkijue. Kila kitabu pale kina fiche, karatasi iliyobandikwa nyuma, ukikiazima unaandika jina lako kwa mkono wako mwenyewe. Kwenye vile vitatu jina langu lipo. Kwenye cha tatu lipo mara tatu, moja lina doa la mafuta ya mandazi. Hilo nalo ni langu.

Nikamaliza shule, nikapata diplome, nikaolewa, nikaja kuishi Muhumba kwa wakwe, Baraka akazaliwa. Mambo ya kawaida, si ya kulia.

Halafu mwaka huu nikasikia kitabu cha nne kimetoka, na kimefika parokiani ndani ya carton ya misaada. Nikashuka siku ile ile.

Ya Clarisse alifurahi kuniona. Akabeba mtoto, akamsifia mashavu, akachukua bic na kuniandika kwenye liste ya kusubiri: Mama Baraka. Sikushtuka. Kwetu hiyo ni heshima. Ukishazaa, nani atakuita tu Nabintu kama mtoto wa kutumwa sokoni? Kumbe heshima ile ile ndiyo iliyonikatisha. Mtu akipita na bic anaona "Mama", anasema huyu si kijana, anapiga mstari. Dieumerci ni baba, lakini aliandikwa Dieumerci.

Turudi Ijumaa. Nimetoka nje na hasira zangu. Dieumerci akanifuata hadi kwenye ngazi.

"Nabintu, kamata. Niko nayo juma mbili. Mi nitasoma nyuma yako."

Nilitaka kukataa ili nibaki na haki yangu yote. Nikachukua. Hasira ni hasira, kitabu ni kitabu.

Sasa, kuhusu chenyewe. Nilikifungua nikiwa tayari nimekinunia, maana Maïlis si mhusika mkuu tena. Mkuu mpya ni Jorane. Waliosoma wanamkumbuka: yule binti aliyesimama kando ya mizani na kusoma namba kwa sauti. Tulimchukia! Kwenye kitabu cha kwanza ana mistari kumi tu, na yote ni namba. Miaka sita nangoja, halafu unaniletea msoma namba?

Nilisoma kurasa za mwanzo nikiwa nakoroga ugali, na ugali ukaungua. Mama mkwe alinusa tu. Mnajua ile ya kunusa.

Jumatatu ilikuwa siku ya kupima watoto kwenye centre de santé, kituo chetu cha afya. Foleni ndefu, watoto wanavalishwa ile kaptula ya kamba, wananing'inizwa kwenye ndoano ya mizani, wanalia. Nikakaa kwenye benchi na kitabu changu. Nadhani ni mimi peke yangu duniani niliyesoma habari za mji wa mizani nikiwa kwenye foleni ya mizani.

Nikafika pale ambapo Jorane anaeleza siku ya Maïlis. Alisimama karibu naye kuliko wote. Aliyasikia mawe. Yaligongana ndani ya pindo wakati Maïlis anapanda, na hakuna mwingine aliyesikia. Angesema neno moja tu, Maïlis angetupwa nje. Akasoma namba jinsi ilivyo, kwa sauti kubwa, akaita anayefuata.

Vitabu vitatu nimemchukia mtu aliyekuwa ameokoa kila kitu, na hakumwambia mtu.

Nikaendelea. Jorane anatafutwa, anakimbia, anagonga mlango mmoja. Anayefungua ni Maïlis. Mkubwa sasa, amechoka, mtoto kiunoni, unga mikononi. Mtaani kwao wanamwita mama wa fulani. Jorane anamwangalia, anasema neno moja tu: "Maïlis."

Nilifunga kitabu nikaangalia ukuta.

"Mama Baraka! Mama Baraka!" Infirmière, muuguzi wa mizani, alikuwa ananiita mara ya tatu. Jirani yangu kwenye benchi akanipiga kiwiko: "Maman, simama! Ile kitabu haina kilo, ni mutoto banapima!"

Benchi zima likacheka. Na mimi nikacheka. Baraka alipimwa, kilo tisa na kidogo, anaendelea vizuri, asanteni.

Niliporudi kukaa, yule jirani akageuza jalada. "Ah, ni ya ine! Na mi nilijiandikisha. Sasa banasema nilitoka kwa liste."

Ni Mama Gloire. Tunakaa benchi moja kila mwezi, mwaka mzima. Ndiye maman wa pili aliyekatwa. Ana miaka kumi na tisa!

Nikafungua mdomo nimwite, nikakuta sina kitu cha kumwita. Mwaka mzima nimemsalimia, nimemshikia mtoto, nimekula mahindi yake, na jina lake silijui. Mimi mwenyewe, niliyepiga kelele Ijumaa.

Nikamwuliza. Akacheka kwanza, kama nimemwuliza swali la aibu. Halafu akaniambia. Tukasoma kurasa za mwisho pamoja, mimi nasoma, yeye anafunua, watoto wanavutana nywele.

Tulipofika mwisho nikaona fiche. Jina moja tu: Dieumerci. Nikatoa bic ili niandike langu chini yake. Nikairudisha mfukoni. Nikiandika kwa kujificha, nitakuwa nimekubali kwamba sistahili kuandika mbele yao.

Kwa hiyo nikaandika barua. Kwa Kifaransa, kwa mkono, nakala mbili, kama inavyotakiwa.

Jumanne nikarudi parokiani. Ya Clarisse akaipokea akaisoma yote, amesimama. Nilidhani atanirudishia. Ni liste yake ninayoilalamikia, na ni yeye mwenye cachet, muhuri wa parokia.

Akasema, "Umesahau namba ya carte."

Carte yangu ya msomaji ilipotea nilipohamia Muhumba. Nikamwambia siikumbuki.

"Mia mbili na kumi na ine," akasema bila kufungua daftari. "Andika."

Nikaandika. Akapiga cachet kwenye nakala zote mbili, akatia sahihi, akanipa yangu. Hakuniomba msamaha, na mimi sikumwomba. Akamwita mtu aliyekuwa nyuma yangu.

Jibu la Père sijapata hadi leo. Hasira imeshuka, lakini barua siiondoi.

Nilichojifunza: sokoni niite Mama Baraka, kwa infirmière niite Mama Baraka, naitika kwa furaha. Lakini Mama Baraka hajawahi kuazima kitabu hata kimoja pale. Aliyeazima ni Nabintu, na hajafa. Na la pili, kabla ya kumchukia msoma namba, uliza kwanza alisikia nini akanyamaza.

Semeni na ninyi, hasa wamaman: kuna mahali jina lenu lilibaki mlangoni? Na mliosoma série hii, mmemkubali Jorane au bado mnamlilia Maïlis? Wenye kuniambia "lea mtoto kwanza", mtoto analelewa, kilo tisa hizo hazikuja zenyewe.

Barua yenyewe hii hapa, nimeigeuza Kiswahili:

Kwa Padri msimamizi wa chumba cha kusoma.

Kuhusu: malalamiko juu ya kukatwa kwenye liste ya kusubiri.

Padri,

Mimi ni Nabintu, msomaji mwenye carte namba 214. Nina miaka ishirini na miwili. Karatasi iliyo ukutani kwenu inasema kijana ni hadi miaka ishirini na mitano. Haisemi kitu juu ya kuzaa. Kama mnataka iseme hivyo, iandikeni, na muwakate na wababa.

Naomba nirudishwe kwenye liste, na niandikwe kwa jina langu.

Kitabu chenyewe nimeshakisoma, kwa wema wa aliyekiazima. Sifichi. Kwenye vitabu vitatu vya kwanza jina langu liko nyuma, kwa mkono wangu. Naomba niandike na kwenye cha nne, chini ya la Dieumerci, mchana, mbele ya meza yenu.

Kuna msomaji mwingine mliyemkata siku hiyo hiyo. Kwenye liste ameandikwa Mama Gloire. Ana miaka kumi na tisa, na zamu yake ilikuwa ya tatu, baada yangu. Naomba naye arudishwe.

Anaitwa Sifa.