Bawa la Mkia

Mume wangu alikuwa anatengeneza ndege nyuma ya banda la ng'ombe. Sitanii. Mzungu mmoja wa shamba la Kwai, ambaye mume wangu alikuwa fundi wake, aliagiza ndege ya kuunganisha mwenyewe, ikaja vipande vipande ndani ya makasha. Hajafungua hata nusu, mashamba yakawa mali ya umma, naye akarudi kwao. Makasha akamwachia fundi. Mume wangu akayapandisha kwa lori hadi kijijini kwetu, juu karibu na Mtae, ambako hata baiskeli ilikuwa inaonewa huruma.

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua anachokitafuta. Mtoto wetu wa kwanza alifia njiani wakati wa masika, tukiwa tumembeba kumpeleka hospitali Lushoto. Mume wangu hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba vipo vyombo visivyohitaji barabara. Sasa nilikuwa na mimba tena, na kila wingu nililiogopa.

Ndege haitengenezwi kwa nyundo na misumari. Kasha moja lilijaa vifaa ambavyo sijaviona tena popote: keekee ya mkono yenye ncha nyembamba, mkasi wa kukata bati bila kulikunja, kikwaruo cha kulainisha kingo, na vibanio vya springi vya kushikilia mabati mawili yasisogee kabla ya kupigwa ribiti, zile pini fupi za kuunganisha bati. Kulikuwa na kipande cha chuma kizito, kimesuguliwa kikang'aa. Hicho kilikuwa changu, kwa kuwa mkono wangu ulikuwa mwembamba. Yeye alipiga ribiti kwa nje, mimi nikaikingia kwa chuma hicho ndani ya bawa, mahali pasipoonekana kitu. Akigonga mara moja, ananiuliza kama niko tayari. Nikigonga mara mbili, apige. Asubuhi nzima ilipita tukizungumza kwa kugonga tu, na sidhani kama tuliwahi kuelewana vizuri zaidi ya hapo.

Tatizo lilikuwa majirani. Kwetu chombo cha kazi hakinyimwi. Ukimnyima mwenzio jembe, siku yako kaburi atachimba nani? Na miaka ile ya Ujamaa ndiyo kabisa, mwenye kuficha koleo aliitwa bepari. Mtu anapiga hodi asubuhi, anamwita bwana kwa Kisambaa: "Mgoshi, naomba ule mkasi, paa langu linavuja."

"Chukua," anajibu mume wangu.

Kesho yake mwingine anataka keekee atoboe mzinga wa nyuki. Chukua. Vibanio vikaenda kwa wake zao. Nilikuwa nikipita kwenda mtoni naviona vimebana kanga kwenye kamba, damu inanichemka.

"Wewe unajenga ndege au umefungua duka la bure?" nilimwuliza.

"Watarudisha."

"Lini?"

"Wakimaliza."

Hakuna aliyemaliza. Haba na haba hujaza kibaba, lakini chetu kilikuwa kinamwagika. Tulipomaliza bawa la mkia, vifaa vya kuanzia mabawa makubwa havikuwepo tena. Bawa lile likabaki bandani juu ya mapipa, jepesi, refu kuliko mtu. Alikataza mtu asiliegemee hata kwa kiwiko, maana bati lile likibonyea halirudi, na bawa lililobonyea halifai kuruka.

Mpango ulikuwa niende Soni kwa dada yake, nisubiri siku zangu karibu na magari. Uchungu ukanitangulia. Mvua ilikuwa haijakatika, daraja la miti limechukuliwa na maji, na lori la misheni lingeweza kufika ng'ambo ya mto tu. Mkunga akanipapasa tumbo, akasema mtoto amekaa vibaya, nibebwe haraka.

Machela ya kijiji ilikuwa imeazimwa na kijiji cha pili.

Nilicheka, na uchungu wangu ule ule. Kitanda nacho hakingenibeba, kamba zake zilikuwa zimeoza. Wanaume wakawa wanabishana uani, na mume wangu akawapita akaingia bandani. Akatoka na bawa. Wakalifunga juu ya miti miwili, kamba zikawa zinakwaruza kingo tulizozilainisha sisi wawili.

"Usinilaze hapo," nilimwambia. "Litabonyea."

"Lala."

Walionibeba ni wale wale. Wa mkasi alikuwa mbele, wa keekee nyuma yake, na mume wangu upande wa kichwa changu. Nilikuwa nikiwalaani kila asubuhi, na sasa walizama kwenye tope hadi magotini, wakabadilishana mabega bila kuniinamisha. Nililalia ribiti zangu mwenyewe, nazihisi mgongoni. Mtoni maji yaliwafika kifuani, wakaniinua juu ya vichwa vyao. Katikati ya mto nikasikia bati limegongwa chini ya kichwa changu, mara moja. Nilikuwa nimeuma kanga nisipige kelele. Nikanyoosha mkono, nikagonga mara mbili.

Mtoto alizaliwa Lushoto, akiwa hai. Bawa lilirudi limebonyea mahali palipokuwa na mgongo wangu. Mume wangu alilipapasa kwa kiganja, akakitia kile chuma changu kashani, akafunga kifuniko. Ndege hakuitaja tena. Watu walimpongeza kwa mtoto, na hakuna aliyempa pole. Mimi nilishindwa kumpa, ningesemaje, na mtoto nimempakata?

Mvua za vuli zilipoanza, yule wa mkasi alisimama mlangoni, kofia mkononi. Mama yake alikuwa amezidiwa.

"Mgoshi," alisema, "naomba ile machela."

Nilisubiri kusikia neno lile nililolizoea. Mume wangu, kwa mara ya kwanza tangu anioe, hakulitoa. Alikuwa anaangalia kule bandani, lilikolala bawa. Nikamhamishia mtoto bega la pili.

"Chukua," nikasema mimi. "Kamba ziko nyuma ya mlango."