Mtihani wa Supu

Asubuhi ile niliondoka Makongeni kwa sababu mvua ilikuwa imeacha kunyesha. Sikuwa na sababu nyingine. Kazi yangu ya kibarua katika Eneo la Viwanda, ya kupakia katoni za biskuti, ilimruhusu mtu kukosekana, nami nilikuwa nimeitumia ruhusa hiyo vizuri. Tangu nilipoacha shule kidato cha pili nimekuwa mtu wa kwenda kuona kilicho mbele. Siku hiyo mbele palikuwa Ruiru, kwa kuwa ndiko gari la kwanza lilikoelekea.

Mwaka mzima nilikuwa nimeumwa chini ya mbavu za kulia, lakini sikuwa na hofu, kwani nilikuwa nimejipima mwenyewe. Kwetu kila maumivu yaliyo kati ya kifua na kitovu ni vidonda vya tumbo, na dawa ya vidonda vya tumbo ni maziwa. Niliyanywa asubuhi na jioni, yale mazito yenye malai juu, nikishangaa jinsi ugonjwa ulivyo sugu. Muuza dawa alinishauri niongeze.

Ruiru nilikula chapati mbili na matumbo ya kukaanga katika hoteli ya mabati. Kabla sijamaliza chai nilikuwa nimejikunja chini ya meza, na mwenye hoteli alikuwa anawaeleza wateja wengine kwamba niliingia nikiwa tayari mgonjwa.

Hospitalini daktari mmoja kijana alibonyeza chini ya mbavu zangu akaniambia nivute pumzi. Pumzi ikakatika katikati. Akaonekana kufurahi, kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. Picha ya tumbo ilionyesha mawe ndani ya kibofu cha nyongo, na kibofu chenyewe kimevimba. Kibofu hicho, alinieleza, hujikamua kila mtu anapokula mafuta. Kikijikamua huku jiwe limeziba njia, mtu huishia chini ya meza. Nikamuuliza kuhusu maziwa yangu. Aliandika kitu kwenye faili.

Walininyima chakula, wakanitundikia maji na dawa ya kuua viini, na baada ya siku mbili wakakitoa kibofu kupitia matundu manne madogo. Nilipoamka, kilichouma zaidi kilikuwa bega. Nilishuku kwamba wamepasua mahali pengine. Sista wa wodi alisema ni ile gesi waliyojaza tumboni ili wapate nafasi ya kuona, na kwamba itaisha nikitembea. Basi mimi niliyezurura maisha yangu yote bila kutumwa, nikawa natumwa kutoka kitandani hadi dirishani na kurudi, nikiukumbatia mto tumboni kila nilipotaka kukohoa.

Siku ya kuruhusiwa ilipofika, sista aliuliza ni nani atakayenitunza. Nikamwambia nitajitunza. Akauliza ndoo ya maji nitabebewa na nani, vidonda vitaangaliwa na nani, na nani ataona homa ikipanda au macho yangu yakigeuka manjano. Hilo la macho lilinishinda.

"Bila mtu wako kuja hapa, hutoki," akasema.

Nilipekua simu yangu yote. Watu walikuwemo wengi. Wangu hakuwemo.

Kwenye kitanda cha jirani alilala mzee wa Kiganjo aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri, na mkewe alikuja kumwona kila siku. Yule mama alikuwa amesikia yote. Alimwambia sista kwamba ana chumba kitupu kwenye ploti yake ya vyumba vya kupangisha, na kwamba mimi ni mtu wake.

"Tangu lini?"

"Tangu saa hii."

Sista akavuta kiti. "Haya mama, utampikia nini?"

Mama alitabasamu kama mtu aliyepewa swali rahisi. "Supu ya mifupa. Ile imechemka tangu asubuhi mpaka mafuta yakaelea juu."

"Njoo kesho," sista akasema, akarudisha faili langu mahali pake.

Mzee aliniambia nimhurumie mkewe, hajawahi kuanguka mtihani wowote tangu ule wa kipaimara. Kesho yake mama alirudi amejiandaa: uji mwepesi, viazi vya kuchemsha, mboga zisizokaangwa, kuku kidogo bila ngozi.

"Na majirani wakimletea supu?" sista akauliza.

Hapo ndipo palipokuwa na mtego. Kwetu hakuna anayekuja kumwona mgonjwa mikono mitupu, na kukataa chakula chake ni kumtukana. Nilimtazama mama jinsi mshtakiwa anavyomtazama hakimu.

"Nitapokea," akasema, "nitashukuru, halafu atakunywa mzee."

Kutoka kitanda cha jirani ikasikika amina. Sista akatia sahihi.

Tuliondoka wagonjwa wawili katika teksi moja, dereva akipita matuta polepole kana kwamba amebeba mayai. Chumba cha Kiganjo kilikuwa safi, kina kitanda na dirisha linalotazama kamba za nguo. Sijakaa vizuri, jirani wa kwanza akabisha hodi na chupa ya supu. Kabla ya jua kutua walikuwa wamekuja watatu. Mama alipokea, akashukuru. Nilikula viazi vyangu nikimsikia mzee kule nyumba kubwa akiisifu supu, ya kila jirani kwa zamu yake.

Nilimuuliza mama kama mlango una kufuli, maana mimi hupenda kutoka mapema kunyoosha miguu.

"Lipo," akasema. "Ufunguo nitakaa nao mimi, kijana wangu. Sista alisema nikuangalie wiki sita."